Mwalimu wa Hewa

Tahir aliamua kuiba upepo siku ileile alipogundua kwamba upepo nao una mwenyewe.

Ilikuwa ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei, mwezi wa sita, mwaka mmoja baada ya China kuandaa Olimpiki. Alikuwa amekaa kwenye meza ya dada Odilia akisubiri wali, mlango wa roshani uko wazi. Upepo ukaingia, ukampitia shingoni, ukashuka ndani ya shati kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha, ukatokea kiunoni. Tahir akafumba macho. Tangu aje China hakuna kiumbe aliyewahi kumgusa kwa upole namna ile.

Ieleweke mapema kwamba huyu si mtu wa kuhurumiwa. Tahir alikuwa tapeli, tena wa daraja la kati, wale ambao wakikutapeli unapata kitu cha kuchekesha wenzako. Aliwahi kumuuzia mfanyabiashara wa Mbeya kontena pale bandari ya Huangpu. Wakapiga picha mbele yake, wakapeana mikono, kisha mwenye kontena akaja akaomba wasogee apite. Hiyo ndiyo kazi aliyoivukia bahari.

Lakini mwaka ule kazi ilikuwa imekauka. Polisi walisimama kwenye ngazi za majengo asubuhi na jioni wakidai pasipoti. "Huzhao! Huzhao!" Neno hilo hata watoto wa Kiafrika waliokuwa wanajifunza kuongea walilijua kabla ya kujua "mama". Viza ya Tahir ilikuwa imekufa siku nyingi bila matanga. Akawa anatoka kwa kunyata, anarudi kwa kukimbia, na tapeli anayekimbia hana nafasi ya kumsalimia mtu, achilia mbali kumtapeli.

Alikuwa akiishi kwenye stoo chini ya jengo hilohilo, uani kwa ofisi ya kagoo ya Bimkubwa, wanaposafirishia watu mizigo. Bimkubwa, mama wa Kizanzibari mwenye sauti ndogo na adabu nyingi, alimkaribisha kwa wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa imefika mwaka na kitu. Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na mlango, balbu na Tahir. Usiku alilala kavua kila alichoweza kuvua, na kama ngozi ingekuwa na vifungo angeivua nayo. Kila alfajiri aliamka ameloa, akajiuliza kama ndiyo yale maisha ya ng'ambo aliyowaelezea watu Kariakoo.

Kwa hiyo pale mezani, macho yamefumbwa, shati linapepea, akasema moyoni: nyumba hii naitaka.

"Kaka Tahir, umelala au unaswali?" Odilia alikuwa kasimama na sahani.

"Nafikiria, dada."

"Basi fikiria huku unakula, kiti kina watu wanakisubiri."

Hakukuwa na mtu. Odilia alikuwa anajipa moyo. Mwanamke wa Mahenge, mfupi, mwenye mikono ya kazi, alinunua nguo za jumla soko la Shisanhang za kupeleka nyumbani, na humo ndani akawapikia Watanzania kwa siri. Mdogo wake, Japheth, alibeba mizigo ya nguo asubuhi na masufuria mchana.

"Jiko linakwendaje?" Tahir akauliza kama mtu asiyejali.

"Linakwenda wapi? Wateja wanaogopa kupanda. Juzi mmoja kakwepa polisi kwenye lifti, kapanda kwa miguu mpaka huku. Alipofika akaomba maji, akashuka."

"Masikini."

"Na anayefika anataka mboga ya kwao, basi. Hii ya Kichina wanaitazama kama adhabu. Nikiuliza sokoni, mei you, mei you. Hakuna! Nchi inatengeneza mpaka kope za bandia, mboga hakuna."

Tahir alisikia "wateja wanaogopa kupanda" tu. Lile la mboga lilimpita sikioni kama tangazo la treni ya watu wengine. Mjue hilo, litamrudia.

Mpango ulizaliwa kwenye kibanda cha intaneti, alikoingia kwa sababu kilikuwa na kiyoyozi. Akifungua hiki na kile ili asitolewe, akakutana na ukurasa wa watu wanaoanza kulima bangi ndani ya nyumba. Alisoma kipande cha joto na hewa tu, kile kilichomgusa. Akashangaa kwamba kuna watu duniani wanaohangaikia pumzi ya majani kuliko yeyote alivyowahi kuhangaikia pumzi yake yeye. Akatoka pale amekuwa mtaalamu.

Bangi yenyewe hakuitaka hata kuiota. Kule China kwa bangi mtu anapoteza kichwa, na Tahir hakuwa na kitendea kazi kingine. Alichotaka ni hofu ya bangi. Odilia alime, aingiwe na tamaa, halafu siku moja mlango upigwe, "Huzhao!", mwanamke akimbie asitazame nyuma, na ile roshani ibaki yatima. Tahir aliwahurumia sana yatima wa aina hiyo.

Ilihitajika miche isiyo bangi lakini inayofanana nayo. Akavuka mto mpaka soko la maua la Fangcun, akachora kwenye kiganja jani lenye vidole, akamwonyesha mama mmoja muuza maua. Yule mama akacheka, akamtolea vyungu vya mimea inayofika kiunoni: vijiti vyenye mafundo, vikonyo vyekundu, majani yaliyotawanyika kama mkono wa mtu anayekataa lifti. Tahir akafurahi. Mama akamwonya jambo: akapeleka mkono mdomoni, akatikisa kichwa, akatikisa tena kwa nguvu. Usile. Tahir akaitikia. Nani ale maua?

Na hapa lazima tumseme bila kumwonea. Tahir alizaliwa Kariakoo na akakulia Kariakoo. Mboga za majani alizijua zikiwa chunguni, na mama yake alizinunua sokoni zimekwishatwangwa, ziko kwenye beseni. Shamba kwake lilikuwa kitu cha kupita ndani ya basi, na ndani ya basi alikuwa akilala.

"Nini hiyo?" Odilia akauliza, vyungu vilipotua sebuleni kwake.

Tahir akafunga mlango. Akafunga pazia. Akashusha sauti mpaka karibu ipotee.

"Bangi, dada yangu."

Odilia akaitazama ile mimea. Akamtazama Tahir. Akaitazama mimea tena, akakigusa kikonyo kimoja kwa kidole, taratibu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege wa ugenini.

"Mungu wangu," akasema.

"Usiogope."

"Siogopi. Nashangaa tu. Japheth! Njoo uone bangi."

Japheth akaja anajifuta mikono. Akaona. Mdomo ukafunguka, dada yake akamkanyaga mguu, ukajifunga. Ulipofunguka tena ulikuwa na heshima nyingi.

"Aisee. Bangi kabisa. Mwalimu, nikiigusa nitalewa?"

"Ukiwa mwanzoni, gusa kidogokidogo," akasema Tahir, na cheo cha mwalimu kikamkaa mabegani vizuri kuliko shati lolote la Shisanhang.

Odilia akawa mgumu. Akasema yeye ni Mkatoliki. Akasema ana watoto. Akashika kichwa, akatembea mpaka roshani na kurudi, na mwisho akashusha pumzi ndefu.

"Nitatoa chumba cha nyuma. Lakini mimi na Japheth hatujui lolote. Feni, taa, paipu, vyote utaleta wewe, na kufunga utafunga wewe. Wewe ndiye fundi."

Tahir akaona samaki kameza ndoana. Akauza simu zake mbili, na saa aliyodai ni ya babu yake, akaleta feni, taa na paipu ya bati ya kukunja. Akapanda kiti na bisibisi kinywani. Hajawahi kufanya kazi ya jasho namna ile, na ilimuuma kugundua kwamba anaiweza.

Kisha akatoa somo. Odilia na Japheth walikaa chini kwenye mafurushi ya nguo kama wanafunzi wa kipaimara.

"Mmea ni mtu," Tahir akasema. "Mtie kwenye chumba kisicho na dirisha, atafanya nini?"

"Atatoka jasho," akasema Japheth.

"Atatoka jasho! Atakonda! Usiku hatalala! Ataamka na kichwa kizito, hana hamu ya kula, anajiuliza amekosa nini kwa Mungu!" Sauti ilimtetemeka kidogo, akakohoa kuificha. "Kwa hiyo hewa ya ubaridi tunaiingiza chini. Ile ya moto inapanda yenyewe, tunaitoa juu. Huku feni ya kuvuta, kule feni ya kusukuma."

"Na majani yakisongamana?" Odilia akauliza.

"Swali zuri sana. Yakisongamana hewa haipiti. Lazima mpunguze. Kila mara, chuma majani, chuma machanga yale ya juu, nafasi ipatikane."

"Tuchume?"

"Mchume bila huruma."

Odilia akamgeukia mdogo wake. "Umesikia mwalimu? Bila huruma."

Hawajapata kutokea wanafunzi watiifu kama wale. Tahir alikuja kila siku kukagua. Alisimama mbele ya feni kwa muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, kafungua vifungo, akisema anapima mzunguko. Mara nyingine alipima akiwa amelala chali kati ya vyungu, anakoroma. Mimea ilistawi, naye akastawi pembeni yake. Kila alipokuja aliikuta imepunguzwa majani, tena kwa ustadi, na vijiti vipya vimechomekwa kwenye ndoo, vyungu vimeongezeka.

"Mnajua kupunguza nyie," akawasifu.

"Tunakufuata wewe tu, mwalimu," akasema Japheth, akatoka haraka mle ndani, mabega yanamcheza. Tahir akadhani ni yale majani yameanza kumpanda kichwani, akacheka peke yake. Mjinga huyu analewa maua!

Mwezi wa saba jambo jingine zuri likatokea. Ijumaa moja Odilia akamwekea kisamvu cha nazi, kimetiwa karanga, kimelainika, kinang'aa mafuta. Tahir akaonja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akamkumbuka marehemu mama yake.

"Dada Odilia! Umekipata wapi?"

"Kuna mtu ananiletea."

"Mtu mwenyewe ana akili?"

Odilia akafikiri. "Ana moyo wa kujituma."

"Basi Mungu ambariki. Mungu ampe umri mrefu. Niongezee."

Habari za kisamvu zikashuka ngazi zenyewe. Watu waliokuwa wanaogopa lifti wakaanza kupanda kwa miguu, wanahema, wanakula, wanaita wenzao kwa simu. Tahir hakupendezwa. Jiko likichangamka, mwanamke hatakimbia. Akaona ni wakati wa kupiga mlango.

Mpigaji alikuwa Lao Wu, mlinzi wa hoteli ya jirani, rafiki yake wa kucheza karata, mwenye shati la buluu na kofia yenye nyota ya bati. Tahir alimfundisha sehemu yake: apige kwa kiatu, aseme huzhao kwa kelele, asiingie, aondoke.

Siku ya siku, saa ya mchana wateja wakiwa wameshaondoka, mlango ukapigwa mpaka rangi ikapukutika. "Huzhao! Huzhao!"

Odilia akapiga ukelele wa kutoka Mahenge moja kwa moja. Japheth akaingia chini ya sinki na sufuria kichwani. Viatu vikashuka ngazi, na Tahir akamshika Odilia bega.

"Wamekwenda, lakini watarudi. Wamejua. Dada, ukimbie."

"Nikimbilie wapi, kaka yangu?" Alikuwa kajifunika uso kwa kitenge, anatetemeka mwili mzima. "Mimi mwanamke peke yangu! Labda... hapana. Siwezi kukuomba."

"Niombe!"

"Ile stoo yako. Haina dirisha, hakuna wa kunichungulia. Wewe ukae hapa, mwanamume hutishiki."

Tahir akainamisha kichwa, kama mtu anayepima uzito wa sadaka. Kwa ndani alikuwa anacheza ngoma.

"Chukua," akasema. "Nitavumilia huku juu."

"Lakini siwezi kukuachia ushahidi humu ndani, nitakuwa nimekuuza. Japheth, toka huko! Beba vyungu. Beba feni, taa, paipu, vyote. Na kiyoyozi changu cha sebuleni uking'oe, kina alama za vidole vyetu."

Tahir mwenyewe akawakunjia paipu. Katika maisha yake yote ya kutapeli hajawahi kukutana na mtu anayetapeliwa kwa roho nzuri namna ile. Aliwasaidia kubeba mpaka kwenye lifti.

Sasa alikuwa nao, upepo wake. Usiku wa kwanza alilala sakafuni roshani ikiwa wazi, hewa inaingia na kutoka bila kumuomba ruhusa. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu akagundua kwamba upepo hauliwi. Jiko halipo, mpishi hayupo, na wale waliokuwa wanapanda wakihema hawapandi tena. Alikula biskuti. Akafungua kabati akakuta chumvi. Akasimama roshani akitazama polisi walio wadogo kama viberiti kule chini, bwana wa ghorofa nzima, tumbo linanguruma.

Ijumaa harufu ikamfikia. Ilipanda ukutani ghorofa kwa ghorofa mpaka ikamgonga puani: nazi, karanga, na kile kitu chenyewe. Tahir hakuamua kushuka. Miguu iliamua, yeye akaenda nayo.

Uani kwa Bimkubwa palikuwa na foleni. Watu wa kagoo, wanunuzi wa nguo, Wazanzibari kwa Wanyamwezi, na Mkongo mmoja anayeiita ile mboga kwa jina la kwao, wote na sahani mikononi. Mlango wa stoo yake uko wazi. Ukuta wa nyuma umetobolewa matundu mawili, moja chini, moja juu; huku feni inasukuma, kule feni inavuta, moshi wa jiko unatoka kistaarabu kama ulivyofundishwa. Nje, kwenye jua, vile vyungu vimepangwa mstari. Na pembeni Japheth yuko na kinu na mchi, anatwanga. Anachuma jani lenye vidole, anatia kinuni, anatwanga.

Tahir akasimama wima.

Kichwani mwake mambo mawili yaligongana. La kwanza: wanapika yale maua. La pili: yule mama wa Fangcun, mkono mdomoni, kichwa kinatikisika. Usile. Usile!

Angeweza kugeuka. Ghorofa ya tisa ilikuwa palepale na upepo wake. Mtu asiyesema kitu halaumiwi, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Lakini mbele ya foleni alikuwa amekaa Bimkubwa, aliyempa wiki moja akanyamaza mwaka, sahani pajani, kijiko kimejaa, kinapanda taratibu kuelekea mdomoni.

"Bimkubwaaa! Usile!"

Akaruka ndoo. Akampiga kumbo Mkongo. Akakipokonya kile kijiko, kisamvu kikamrukia kifuani.

"Msile! Jamani msile! Si bangi hiyo!"

Uani vijiko vikasimama hewani, feni tu zinaimba.

"Si bangi! Niliwadanganya! Ni maua, nimenunua Fangcun, muuzaji kaniambia ni sumu! Na polisi pia si polisi, ni Lao Wu! Nilitaka nyumba! Nilitaka ule upepo, basi! Tapikeni, jamani, tapikeni!"

Hakuna aliyetapika. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Nani kasema tunakula bangi?" Na nyuma ya foleni kabisa, Lao Wu mwenyewe, aliyekwisha kumuuzia Odilia siri yote kwa sahani ya kisamvu, kofia kwapani, akainua sahani yake kumsalimia rafiki.

Odilia akatoka jikoni na upawa. Akachuma jani moja kwenye chungu, akamshikisha mkononi, polepole, kama anavyoshikishwa mtoto kalamu.

"Tahir. Hili jani linaitwaje?"

"Sijui."

"Huu mti chini yake unatoa muhogo. Huo umeshawahi kuuona?"

Tahir akalitazama jani. Akakitazama kinu. Akatazama shati lake, pale kifuani, lile doa la kijani linalonukia karanga.

"Na sumu?"

"Ukila bichi. Ndiyo maana kinatwangwa, ndiyo maana kinachemshwa mpaka jasho litoke. Mama yako hakukwambia? Wewe umekula hiyo sumu tangu mwezi wa saba, na kila Ijumaa uliomba uongezewe."

Hapo uwanja ukapasuka. Mkongo alicheka mpaka akashika ukuta. Japheth, aliyejizuia miezi yote ile, alilala kifudifudi juu ya kinu akapiga ardhi na kiganja, analia, "Mwalimu! Nikiigusa nitalewa?" Hata Bimkubwa aliziba mdomo kwa mtandio.

"Shikamoo, Bimkubwa," Tahir akasema, akimrudishia kijiko chake.

"Marahaba, baba. Mimi nilikuwa nataka kuipangisha hii stoo kwa Odilia tangu mwaka jana. Nikaona haya kukutoa." Akatabasamu kwa adabu zake zote. "Umetoka mwenyewe. Umetupunguzia dhambi."

Tahir akajikusanya. Alibaki na kitu kimoja, akakishika kama mtu anavyoshika suruali iliyokatika mkanda.

"Basi sawa. Mmenipata. Lakini nyumba ya juu ni yangu."

"Ni yako," akasema Odilia. "Mpaka mwisho wa mwezi. Kodi ilikuwa inaishia hapo, na mwenye nyumba anakuja na wapangaji wapya."

"Leo tarehe ngapi?"

Foleni nzima ikamjibu kwa pamoja, kwa furaha kubwa, kama watoto wa shule.

"Thelathini na moja!"

Tahir akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Odilia akamwacha pale mpaka foleni ilipopungua. Kisha akamletea sahani, akaisimamia.

"Kula, mwalimu. Jikoni tukishafunga unaweza kulala humo."

"Stoo ileile?"

"Ileile. Ila sasa ina hewa. Alfajiri utatwanga, Japheth mgongo unamuuma."

Tahir akaitazama ile stoo. Akaona tundu la chini, akaona tundu la juu, feni zake mbili zikizunguka kama alivyozifunga. Akanyanyuka na sahani yake, akasogeza ndoo ndani, akaiweka katikati kabisa, pale ambapo kwa mujibu wa somo lake mwenyewe upepo hupita vizuri kuliko kwingine kote. Akakaa. Shati likaanza kupepea.

"Odilia," akaita, mdomo umejaa.

"Nini tena?"

"Ile feni ya juu mmeifunga kombo."

"Basi inyooshe. Halafu uje uchukue mchi."

Akainyoosha. Na kusema kweli ilikuwa kombo kidogo tu.